Viasi vya karatasi vya Enfield kwa kabati la maonyesho

Forodhani77: Assalaamu alaykum. Tunapanga kabati la bunduki za kale hapa Mji Mkongwe. Pembeni ya Enfield ya 1853, bunduki ya Kiingereza ya kujaziwa mdomoni, tunataka viasi vitano vya karatasi, yaani vile vifuko vya risasi na baruti yake, lakini bila baruti. Vya mwanzo tulivitia sembe. Masika hayajesha, wadudu wamo na karatasi ina madoa. Tutie nini, na vikunjwe vipi?

Gobori_Wete: Waalaykum salaam. Sembe ni karamu ya fukusi, itoeni leo. Tieni mchanga, lakini si wa kuchota pwani ukautia vivyo hivyo: una chumvi, chumvi huvuta unyevu, na chuma kilicho jirani hushika kutu. Uoshwe kwa maji ya mvua mara nne tano, ukaangwe mpaka utiririke kama sukari, upoe ndani ya chupa iliyofungwa. Kijiko kimoja cha chai kwa kiasi kimoja, karibu ujazo ule ule wa baruti ya asili, iliyokuwa gramu 4.4.

Gazeti na kaki zina asidi, hukatika. Tumieni karatasi ya pamba. Upande mrefu sm 13, mfupi sm 7.5, upana sm 11. Ncha moja mraba, ya pili mshazari. Ulazeni ufito wa mm 14 juu ya upande mrefu, risasi mbele yake kwenye ncha ya mraba, ikibaki karatasi sm 1.5 nyuma ya kitako. Viringisheni kwa kubana, fungeni kitakoni kwa uzi, chomoeni ufito, mimineni mchanga, sokoteni mkia.

Wengi hukosea hapa: kichwa cha risasi hutazama baruti. Askari alirarua mkia kwa meno, akamimina baruti mtutuni, akakigeuza kiasi na kuingiza kitako kwanza, karatasi ikiwa bado imeizunguka risasi.

Fundi_Chake: Risasi yenyewe isiwe ya madini ya risasi. Ndani ya kabati la mbao, mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao huila ikatoa unga mweupe, nao ni sumu. Mimineni plasta kwenye kalibu ya mm 14, ipakeni rangi ya kijivu. Na sehemu ya risasi ichovywe nta ya nyuki peke yake. Uvumi wa mafuta ya ng'ombe na nguruwe kwenye viasi hivi ndio uliochochea uasi wa India wa 1857, lakini msitie samli kwa kuiga: huchacha, ikaita sisimizi na mende.

Forodhani77: Ahsanteni sana. Bunduki yetu ya pili ina mlango unaofunguka ubavuni, nyuma ya mtutu. Nayo ni hivyo hivyo?

Gobori_Wete: Hiyo ni Snider, bunduki ya kujaziwa nyuma, haili viasi hivi, yake ni vya shaba. Ile Enfield, kabla ya kuigusa tena, ingizeni ufito wa mbao mtutuni taratibu, mkae pembeni ya mdomo wake. Tieni alama, kisha mpime kwa nje. Ufito ukikomea sm kadhaa kabla ya tundu la fataki, huenda bado ina baruti, na baruti kuukuu huwaka. Msichokonoe. Wekeni chini, mwite polisi.