Mradi wa wafadhili unataka kuingia kwenye kikundi chetu cha kina mama, tukubali?

KatibuWaKikundi: Habari zenu wadau, mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama mtaa wa mabanda, sasa kuna mradi umekuja unataka tujisajili upya, tuhudhurie semina za ujasiriamali kila wiki halafu tukopeshwe kwa dhamana ya kikundi, yaani mmoja akishindwa wote tunalipa. Wenzangu wamefurahi ila mimi roho inasita, maana shida yetu kubwa ni maji na choo, usiku mwanamke anaogopa kutoka, na hilo hakuna aliyetuuliza. Halafu siku ya semina ndo siku ya kibarua, usipoenda watoto hawali. Tukikataa naogopa hawatarudi tena. Nishaurini jamani.

Dada_Mkubwa: Pole mdogo wangu. Msikatae, ila kabla ya kusaini ulizeni riba ikoje, marejesho yanaanza lini, mtu akiuguliwa inakuwaje, na mradi ukiisha hela na vitabu vinabaki kwa nani. Hilo la mwisho wakilikwepa msisaini.

Mchambuzi: Hyderabad kule India wachumi kina Abhijit Banerjee na Esther Duflo walilinganisha mitaa duni iliyopelekewa mikopo midogo na ambayo haikupelekewa, matokeo yakachapishwa 2015. Biashara zilizokuwepo zilitanuka kidogo, lakini afya, elimu ya watoto na sauti ya mwanamke nyumbani havikubadilika kivile. Mkopo unamfaa mwenye biashara tayari, choo hauleti.

MamaPacha: Naunga mkono. Mbona msianze na akiba yenu? Niger mwaka 1991 shirika la CARE lilianza na wanawake kuweka hela zao wenyewe na kukopeshana, faida inarudi kwao. Na Mumbai wanawake waliokuwa wanalala kando ya barabara walianzisha umoja wao ukaitwa Mahila Milan, wakaweka akiba, wakahesabu wenyewe kaya zao, wakaenda kwa serikali na takwimu mkononi, baadaye wakashiriki hadi kujenga vyoo vya jamii. Hesabuni kaya na vyoo mlivyonavyo, muwawekee wafadhili mezani.

KatibuWaKikundi: Asanteni sana, hilo la kuhesabu tunaweza hata wiki hii. Na semina je, tuombe ziwe jioni?

Dada_Mkubwa: Jioni mna kupika na kuchota maji, mtapumzika saa ngapi? Ombeni zipunguzwe na mlipwe fidia ya kibarua, anayefundisha naye analipwa kwa muda wake.