Mtoto ana mikono mifupi: FGFR3 imetoka kwa nani?

Baba Neema, Kadutu (Bukavu)
Wapendwa, mtoto wetu wa tatu ana miezi minne. Kichwa kikubwa, mikono na mapaja mafupi. Daktari amesema ni akondroplasia, ufupi wa mifupa wa kuzaliwa nao, akataja FGFR3, akaita mgonjwa mwingine. Mama yangu anasema ukoo wetu hauna watu wafupi, basi ni bibi yangu, mama wa mtoto, ameileta, ao kuna mkono wa mtu. Bibi hatoki tena nyumbani. Mimi ni fundi wa kushona. Nipeni maneno ya kumwambia mama.

Mwalimu wa biolojia, Bagira
Baba Neema, pole, na hongera kwa mtoto.

FGFR3 ni protini inayokaa kwenye utando wa seli, sehemu moja nje, nyingine ndani. Inapokea ujumbe nje na kuupitisha ndani. Katika gegedu za mifupa mirefu, kazi yake ni breki: inazuia mfupa usikue kupita kiasi. Kwa mtoto wako herufi moja tu ya jeni, yaani maagizo ya kutengeneza protini hii, imebadilika, na katika nafasi ya 380 ya protini, kiungo kiitwacho glisini kimekuwa kingine, arginini. Breki inashika kupita kiasi. Hilo lilijulikana 1994. Akili haiguswi.

Sasa mwambie mama hivi: kati ya watoto 10 wa namna hii, karibu 8 wana wazazi wa urefu wa kawaida. Badiliko ni jipya, na karibu kila mara limetokea katika mbegu ya baba, zaidi umri ukienda. Bibi yako hajaleta kitu. Na wewe pia huna kosa, usikubali lawama ihamie kwako. Hakuna aliyefanya hili.

Mama Furaha, muuguzi, Nguba
Mimi nahofia usingizi wake. Tundu la chini ya fuvu, uti wa mgongo unapopita, linaweza kuwa jembamba. Akikoroma sana, akisimamisha pumzi ao akilegea mwili, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Shika kichwa na mgongo wake, wala msimkalishe mapema.

Baba Neema
Aksanti sana. Nina miaka 41. Tukizaa tena? Na kuna dawa?

Mwalimu wa biolojia, Bagira
Kwenu ninyi, uwezekano wa kurudia ni mdogo sana, chini ya 1 kwa 100. Mtoto wenu akikua na kuoana na mtu asiye na akondroplasia, kila mtoto wake atakuwa na uwezekano wa 1 kwa 2 wa kuwa nayo. Dawa ipo, vosoritaidi, sindano ya kila siku, iliyokubaliwa Ulaya na Marekani mwaka 2021. Inapunguza nguvu ya ujumbe wa FGFR3 na kuongeza urefu kidogo wakati mifupa ingali inakua. Muulize daktari wa watoto. Lakini kwanza kaa na mama yako, bibi yako akiwepo, umsomee jibu hili kwa sauti.