Msaada wakuu: samaki wa tangi wanazaa bila mpango na wanaua wenzao

Mwana wa Makorora (mtoa mada)

Habari za majukumu wakuu. Nipo Tanga mjini, Makorora. Nina tangi la kioo sebuleni, futi tatu kwa moja, kina futi moja na nusu, ujazo kama lita 120. Nilianza na goldi (goldfish) wawili, enjo (angelfish) wawili na gapi (guppy, wale wadogo) kama kumi hivi. Miezi sita ya raha tupu. Jioni tunazima TV, mimi na binti yangu wa darasa la pili tunakaa kuwatazama.

Mwezi wa tatu nikawa Dar, nikapita duka moja la samaki wa mapambo. Muuzaji akanishikisha vijana wanne wenye milia, kijivu kwa nyeusi, urefu wa kidole gumba. "Hawa pundamilia, wapole, hawana shida na mtu." Nikawatia kwenye ndoo ndogo, mfuniko nikautoboa, basi zima mpaka Tanga nimeipakata kama mtoto mchanga.

Wakakua vizuri. Binti akaomba tuwape nyumba, nikaweka nusu ya kifuu cha nazi, nimekitoboa mlango. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Wawili wakakihodhi. Wakawa wanachota kokoto kwa mdomo, wanazitema pembeni, wanarudi tena, kutwa kucha, mpaka wakafika kwenye kioo cha chini. Siku moja nikainua kifuu, ndani kote kumegandwa na vitu kama punje za ulezi. Siku ya tatu vikawa vinatikisika. Wiki haijaisha vizuri, likatoka wingu la vitoto kama vumbi lenye macho, mama mbele, baba nyuma.

Tulifurahi sana, binti akaita wenzake waje kuona. Furaha yenyewe siku nne. Goldi mmoja nilimkuta asubuhi anaelea ubavu, jicho halipo. Enjo mmoja mkia umechanika kama leso kuukuu, mwingine kajibana kona ya juu nyuma ya filta, hata chakula hashuki kula. Kati ya wale milia wanne, wawili waliokosa kifuu wameuawa na ndugu zao wenyewe. Gapi sijui wamebaki wangapi. Nikiingiza mkono kusafisha, jike ananigonga vidole, na anauma kweli.

Juzi wametaga tena. Hii ni mara ya tatu tangu mwezi wa sita!

Nifanyeje waache? Hawa watoto mia na ushee niwapeleke wapi? Na kwa nini wamebadilika tabia hivi, maana walikuwa wapole kweli? Natanguliza shukrani.

Kobe wa Jadi

Kaanga mkuu. Ndimu, pilipili, habari imeisha.

Bwana Mikoko

@Kobe wa Jadi samaki wa kidole gumba ukaange? Mafuta yatazidi bei ya samaki.

Mama wa Mkahawani

Kaka yangu pole. Mimi nina matangi matatu pale kwenye mgahawa wangu, na hao milia nimewahi kuwafuga mpaka nikawachukia. Ngoja nikwambie ninachokijua.

Huko nje wanawaita convict, yaani mfungwa, kwa ajili ya ile milia kama sare ya jela. Asili yao Amerika ya Kati. Ukoo wao ni mmoja na perege, sato na furu wetu wa ziwani, na ukoo huo karibu wote hawatagi wakaondoka. Mayai wanayalinda, watoto wanawachunga. Kwa hiyo hawajabadilika tabia. Wamepata watoto. Ungemwona kuku anayetembea na vifaranga akikimbilia mguuni usingesema kapata wazimu.

Tofauti ni kwamba mtoni goldi akifukuzwa anakimbia hatua ishirini, yameisha. Kwako anakimbia futi tatu anakutana na kioo, anageuka, anamkuta yule yule. Kwa mzazi huyo ni adui aliyerudi kwa makusudi. Ndiyo maana anapigwa mpaka anakufa. Na goldi mwenyewe hakustahili kukaa nao toka mwanzo, yeye samaki wa maji ya baridi, mwendo mzito, mkia wa kujitandaza. Pwani hii maji yetu ya tangi peke yake ni mtihani kwake.

Sasa dawa. Usihangaike kuyafuta mayai kila wakitaga. Ukiyaondoa, jike anapumzika siku chache anataga upya, unakuwa umemharakisha tu. Dawa ya kweli ni moja, kutenganisha dume na jike. Kuwajua ni rahisi: mwenye rangi ya chungwa tumboni ni jike. Watu wengi wanakosea, wanadhani mwenye rangi nzuri ndiye dume. Dume ni mkubwa zaidi, mapezi yake marefu yamechongoka, na akizeeka paji la uso linatuna.

Kama huna tangi la pili, weka kizuizi katikati. Enjo na gapi watoe kwanza leo hii, hata kwenye beseni kubwa lenye pampu ya hewa, maana wewe unauliza ushauri na wao wanaliwa.

Fundi Silikoni

Naongezea kwenye kizuizi, hiyo ndiyo kazi yangu. Usiweke kioo kitupu. Wakionana, jike anaweza kutaga upande wake hivyo hivyo, na dume atapiga pua kwenye kioo kutwa nzima. Tafuta plastiki nyeupe isiyoonyesha ng'ambo, itoboe matundu madogo maji yapite, kata kwa kipimo kisibaki hata upenyo wa kidole. Ukibandika kwa gundi ya silikoni, iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na tangi liwe tupu na kavu, usubiri siku mbili kabla ya kujaza. Kama hutaki kumwaga tangi, chomeka kwenye reli za plastiki, ichimbie kwenye kokoto mpaka iguse chini. Hao wanachimba, usisahau.

Jembe la Pongwe

Mbona mnazunguka? Toa kifuu. Hakuna nyumba, hakuna ndoa.

Mama wa Mkahawani

@Jembe la Pongwe nilijaribu mdogo wangu. Nilitoa chungu, wakataga kwenye jiwe. Nikatoa jiwe, wakataga kwenye bomba la filta. Kifuu kitoe, ndiyo, itapunguza kiherehere, lakini wawili waliokwisha kushikana hawakosi mahali.

Jembe la Pongwe

Basi beba ndoo, Mto Zigi upo hapo Amboni. Wamwage waende zao, huko kuna nafasi.

Mwanafunzi wa Samaki

Hapana, hapana, hapana. Mtoa mada, hilo usilifanye hata kidogo. Hao wamejikita mpaka Australia kwenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu ya watu wenye ndoo kama hiyo. Wanazaa mara kwa mara, wanalinda watoto wao na kufukuza samaki wengine kwenye sehemu za kutagia. Zigi kuna samaki wake wa asili, na maji ya Tanga mjini tunayanywa kutoka humo humo, bwawa la Mabayani. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 naye ikisemwa ni faida, leo waulize wa kule furu wameenda wapi. Kwenye mfereji wa mvua pia usimwage, mfereji unaishia mahali.

Jembe la Pongwe

Yaishe mwalimu. Nilikuwa nasema tu.

Bi Kidude cha Gapi

Samahani nadandia uzi. Mie nina gapi kwenye pipa la maji ya bustani, niliwaweka wale viluwiluwi vya mbu. Mbu wamekwisha lakini sasa pipa zima ni gapi. Nimewatoa madume wote mwezi uliopita, majike bado wanazaa! Kuna dume nimemkosa au?

Mwanafunzi wa Samaki

Hapana dada, hujamkosa. Jike wa gapi akipandwa mara moja anahifadhi mbegu mwilini, anaweza kuendelea kuzaa kwa miezi kadhaa bila kuona dume. Kila mzao ni kama mwezi mmoja. Subiri, na kila ukiona mtoto ameanza kupata rangi mkiani mtoe, huyo ni dume. Kisha punguza chakula, wakubwa watakula vitoto wenyewe.

Bwana Mikoko

Hivi mnajua silikanti wetu wa hapa Tanga, yule samaki wa kale wa kina kirefu cha bahari, watafiti mwaka 2021 walikadiria anabeba mimba kama miaka mitano? Mtoa mada ungefuga huyo ungepumzika.

Mwana wa Makorora

😂😂 Tangi lake nitalitoa wapi mkuu.

Nawashukuru wote. Mama wa Mkahawani, nimewatoa enjo na gapi usiku huo huo, wako kwenye beseni. Maswali mawili. Yule enjo wa mkia uliochanika namtibu na nini? Na hao watoto mia, nikisema ukweli, roho inanisuta kuwaua na hakuna wa kuwachukua.

Mama wa Mkahawani

Mkia utaota wenyewe kama maji ni safi. Tia chumvi ya mawe isiyo na madini joto, kijiko kimoja cha chai kwa lita tano, iyeyushe pembeni kwanza. Badilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili, na maji ya bomba yaache wazi kwenye ndoo tangu jana yake, dawa ya bombani itoke. Na tangi kubwa fanya vivyo hivyo, watoto mia wanachafua maji kuliko unavyodhani. Amonia, yaani sumu ya uchafu wao, huioni kwa macho, utaona tu wanapanda juu kuvuta hewa.

Watoto wenyewe, mimi nina oska wawili, samaki wa tangi wanaokula samaki wadogo, wakubwa kama sahani. Wanawala kwa furaha. Najua si jibu zuri sana lakini ndilo jibu.

Shamba la Muheza

Kwa ambao hawana oska: mafuta ya karafuu. Tia matone kwenye chupa ndogo ya maji ya vuguvugu, tikisa mpaka yawe meupe kama tui, kisha mimina kidogo kidogo kwenye chombo chenye samaki. Wanalala kwanza. Ukizidisha baada ya hapo hawaamki, na hawajahangaika. Waache humo muda mrefu, mtu asije akatupa samaki aliyelala tu. Msiwamwage chooni wakiwa hai, huo ni ukatili.

Mwana wa Makorora

MREJESHO, wiki tatu baadaye.

Kizuizi nimeweka, plastiki nyeupe kama alivyosema Fundi Silikoni. Usiku wa kwanza dume alichimba chini yake mpaka nikasikia kokoto zinagonga kioo, nikaamka kuongeza mawe. Sasa ametulia. Jike alitaga mara moja peke yake, kwenye kioo, mayai yakageuka meupe yakaota ukungu, akayaacha. Hajataga tena.

Enjo mkia umeanza kurudi, ule upande mpya unapitisha mwanga kama nailoni. Yule aliyekuwa anajificha anakula. Goldi aliyebaki yuko kwa shemeji.

Watoto wamebaki kama themanini, wamekua wana milia tayari, na binti ameshawapa majina wanane. Mama wa Mkahawani, kama bado unawapokea nitakuja nao Jumamosi na ndoo. Nije saa ngapi?

Mama wa Mkahawani

Saa nne asubuhi, kabla wateja wa mchana hawajaanza. Hao wanane wenye majina wabakize.

Na binti muache nyumbani.