Ford Model T au Volkswagen Beetle: lipi la kufufua na kuendesha?

Mpendakale: Ndugu wanajukwaa, ninakusudia kufufua gari moja la kale kwa mikono yangu, nami nimebaki na mawili: Ford Model T ya miaka ya 1920 na Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960. Sitaki pambo la gereji, nataka kuliendesha. Ninyi mngechagua lipi?

Spana17: Beetle, bila kusita. Injini yake iko nyuma na hupozwa kwa hewa, kwa hiyo hakuna rejeta ya kuvuja wala maji ya kuchemka, tena imeshikwa kwenye gia boksi kwa boliti nne tu. Ila usihadaiwe na rangi. Kabla ya kulipa, inua zulia ukague sakafu, hasa pale betri inapokaa chini ya kiti cha nyuma, kisha gonga mihimili ya pembeni inayopitisha hewa ya moto, kwa maana kutu hupenda kujificha humo, na kuichomelea upya huweza kukuchosha kuliko kufungua injini nzima.

Bi Hendeli: Ndugu Spana17 amenena kweli kuhusu kutu, lakini ameiruka Model T kana kwamba ni mkokoteni. Injini yake ya lita 2.9 hutoa nguvu farasi 20 tu, na mwendo wake wa juu ni kilomita 70 hivi kwa saa. Kinachomshinda dereva mzoefu ni miguu yake mwenyewe: pedali ya kushoto ikikanyagwa hadi chini huingiza gia ndogo, ikiachiwa huingiza kubwa, ya katikati ni ya kurudi nyuma, ya kulia ni breki, nayo hushika ndani ya gia boksi, si kwenye magurudumu. Petroli ya kuongeza mwendo haina pedali, hutolewa kwa kijiti kilicho chini ya usukani. Siku zangu za kwanza nilikanyaga ya kushoto nikidhani ni klachi ya kawaida, gari likasonga mbele nusura libomoe mlango wa banda.

Mpendakale: Na milima je?

Bi Hendeli: Tazama mwaka wa gari. Matoleo mengi ya kabla ya 1926 yana tangi chini ya kiti, na petroli hushuka yenyewe bila pampu, hivyo tangi likipungua kwenye mwinuko mkali injini hukosa mafuta. Ndiyo maana madereva wa enzi zile walipanda kinyumenyume, ili tangi liwe juu ya injini.

Mzee Pistoni: Kwa vipuri, Beetle ina nafasi nzuri zaidi: ilivunja rekodi ya Model T ya kuundwa magari milioni 15 mnamo Februari 1972, ikaendelea kuundwa Puebla, Meksiko, hadi 2003. Tafuta yenye umeme wa volti 12, kwani taa za volti 6 ni hafifu mno usiku. Tena ikiwa ina ekseli za nyuma za zamani, usiachie petroli ghafla katikati ya kona kali. Gurudumu la nyuma huweza kujikunja kwa ndani.

Mpendakale: Nawashukuru. Moyo bado unaivuta Model T.

Bi Hendeli: Basi, ikiwa haina stata, chelewesha cheche inayowasha petroli ndani ya injini kabla ya kuzungusha hendeli ya kuwashia, na kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine. Injini ikirusha hendeli nyuma, huvunja mkono.