Keki ya mwanangu haisubiri mechi ya Ohio State na Michigan!

Wakuu, nina hasira na ukoo wa mume wangu na leo sitaki kupozwa. Mwaka wa tatu huu wanamnyang'anya mtoto bethdei yake kwa ajili ya mpira wa chuo, na kila nikisema naambiwa nakuza mambo.

Kwa msioishi huku Ohio: Siku ya Shukrani huwa Alhamisi ya nne ya Novemba, na Jumamosi inayofuata ndipo Ohio State huvaana na Michigan kwenye futiboli ya Kimarekani. Walianza kukutana 1897. Uwanja wa hapa Columbus unajaza watu zaidi ya laki moja, na wa wenzao kule Ann Arbor ni mkubwa kuliko huu. Mume wangu kasoma Ohio State, mdogo wake akaenda Michigan. Mwanangu kazaliwa tarehe 28 Novemba. Basi siku yake miaka mitatu hii imeangukia humo humo, kati ya bata mzinga na jezi.

2024 iliangukia Alhamisi ya Shukrani yenyewe. Wakasema watu wameshashiba, tusogeze mpaka Jumamosi, wote watakuwepo kuangalia mechi. Jumamosi tarehe 30 keki ikaja, jina lake limeandikwa vizuri kwa zambarau, rangi anayoipenda. Jina linaanza na M. Sasa hapa Columbus wiki ya mechi hiyo wana desturi ya kuiwekea herufi M alama ya X nyekundu, hata kwenye vibao vya chuoni. Mtu mzima, ana mke na watoto, akachukua krimu nyekundu akaipiga X ile M ya mwanangu! Sebule nzima ikacheka. Mtoto anajua X ni ya mwalimu kwenye daftari, akanivuta nguo: "Mama, nimekosa nini?" Nani kati yao alikuwa na jibu? Hakuna hata aliyesikia.

Halafu Michigan wakashinda 13-10, tena hapa hapa Columbus. Shemeji anarukaruka, mume wangu kanuna, marafiki zake wanaondoka bila kuaga. Mishumaa tuliwasha mimi, wifi yangu na watoto. Baba mtu alikuwa nje kwenye gari, anasikiliza redioni wachambuzi wakimweleza mechi aliyoiona mwenyewe.

2025 ikawa Ijumaa, nikashukuru. Kumbe mechi ni Ann Arbor, mwendo wa kama saa tatu kwa gari, hivyo Ijumaa hiyo hiyo ndugu wawili wakabeba mabegi wakaondoka. Ohio State wakashinda 27-9 baada ya kufungwa mara nne mfululizo, wakarudi na zawadi. Baba kaleta jezi nyekundu inayomfika mtoto magotini. Baba mdogo kaleta kofia ya bluu na njano. Mtoto anapenda kuogelea! Mechi yao hajawahi kuitazama hata robo moja, lakini wanamgombania atasoma chuo gani, na yuko darasa la tatu.

Na msiniambie sijui ushabiki. Nimekulia Dar, baba Yanga, mama Simba, na siku ya watani wa jadi maneno yalikuwa yanarushwa ndani ya nyumba mpaka usiku. Lakini mtoto akiwa na siku yake, pilau lilipikwa, akakalishwa mbele, na kila mtu akaweka timu yake pembeni mpaka keki iishe. Hilo ndilo ninalodai, wala si kubwa.

Mwaka huu tarehe 28 ni Jumamosi yenyewe, mechi ni Columbus. Jana shemeji kaandika kwenye kundi la familia, "keki baada ya mechi", watu wakamiminia madole gumba. Mimi niliyemzaa sikuulizwa. Nimewajibu hivi: keki inakatwa saa nne asubuhi, mechi yao kwa kawaida huanza saa sita mchana, muda upo. Runinga imezimwa. Rangi ni zambarau. Atakayeigusa M ataenda kuangalia mechi kwingine. Shemeji kasema ni utani tu, mume wangu kimya. Mama mkwe kaniunga mkono, Mungu ampe maisha marefu.

Sasa nyie mnaoishi huku na mna watoto wa mwisho wa Novemba, au wa Krismasi, mmewawekaje sawa watu wenu? Nataka mbinu, sitaki "vumilia dada". Na kama kuna anayeoka keki hapa Columbus na atakubali oda ya zambarau asubuhi ya siku hiyo, aje inboksi. Ninayemzoea kaniambia Jumamosi hiyo anaoka nyekundu na kijivu tu.