Mashine ya kulainisha maji, nyumba ya Jambiani: presha ya mnara inatosha? Na chumvi ya Pemba inafaa?

mwenyeji_uwandani

Assalaam alaykum wakubwa. Nyumba iko Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, maji ni ya kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya uwanda (mawe ya matumbawe). Kwa kipimo cha matone, ugumu (kalsiamu na magnesiamu iliyomo) umefika matone 22, yaani digrii 22 za Kijerumani. Kalamu ya TDS (jumla ya vilivyoyeyuka kwenye maji) inasoma 780. Watu 6, vyoo 3, hita 2 za umeme, simtank la lita 2,000 juu ya mnara wa mita 4, maji yanashuka yenyewe bila ya pampu. Shawa zinaziba kwa ukoko mweupe na elementi za hita hazimalizi mwaka.

Duka limenipa bei ya mashine ya rezini (punje za plastiki zinazoshika ugumu) lita 25 na kusema ifungwe tu kwenye bomba linaloshuka kutoka mnarani. Ukubwa huo unatosha? Na chumvi ya vidonge inayotoka nje ni ghali, naweza kutumia ya Pemba?

fundi_mfereji

Waalaykum salaam. Kwanza presha, maana hapo ndipo duka limekupoteza. Kila mita 10 za kimo ni bar 1, kwa hiyo mnara wako unatoa bar 0.4. Kichwa cha mashine, yaani vali ya juu inayoiendesha, kinataka kama bar 2 ili mashine ijisafishe, yaani rezini ioshwe kwa maji ya chumvi. Maji ya chumvi hayasukumwi na pampu yoyote humo ndani: yanavutwa, kwa kupitisha maji kwa nguvu kwenye kitundu chembamba cha injekta. Presha ikiwa ndogo, saa ya kichwa inamaliza mzunguko wake kama kawaida lakini hakuna kilichovutwa. Dalili yake ni chumvi ya kwenye pipa kukaa pale pale wiki nenda wiki rudi, na maji yanabaki magumu.

Mpangilio uwe huu: simtank, pampu ndogo yenye swichi ya presha (iwake bar 1.8, izime bar 3) pamoja na tangi la presha la lita 24, kisha filta ya maikroni 20 hadi 50 kwa ajili ya vumbi la mawe, kisha mashine, kisha nyumba. Pampu iwe kabla ya mashine. Ukiiweka baada, inainyonya mashine badala ya kuisukuma.

Ukubwa. Matone 22 ni kiasi cha miligramu 390 za ugumu kwa lita. Tenga kwanza bomba la bustani, la kuoshea gari na mfereji mmoja wa jikoni, yote yachukue maji kabla ya mashine. Kinachobaki, kuoga, kufua na hita, tukadirie lita 500 kwa siku. Hizo ni gramu 195 za ugumu kila siku. Rezini lita 25 ikisafishwa kwa kilo 2.5 za chumvi inabeba takriban gramu 1,100, sawa na lita 2,800 za maji yako. Weka mita ya kichwa kwenye lita 2,400 ili ibaki akiba. Itajisafisha kila baada ya siku 5 hivi, chumvi kilo 15 kwa mwezi. Kwa hiyo lita 25 zinatosha, ila nunua kichwa cha mita, kinachohesabu lita zilizopita, si cha saa tupu. Cha saa kinajisafisha hata mkiwa safari, na vile vya kizamani vikikosa umeme saa yake inachelewa, mwishowe mashine inajisafisha watu wakiwa wanaoga.

maji_na_vipimo

Nakubaliana na fundi, naongeza mawili kuhusu kalamu.

Ukishafunga mashine, kalamu itaendelea kusoma 780 au zaidi kidogo. Usirudi dukani kugombana. Mashine haiondoi chumvi zilizomo kwenye maji, inazibadilisha: inashika kalsiamu na magnesiamu, inaachia sodiamu. Kalamu inahesabu vyote kwa jumla, haioni tofauti. Hakikisha kwa matone yale yale, au tia maji kwenye chupa pamoja na kipande kidogo cha sabuni ya mche utikise: laini yanatoa povu zito, magumu yanatoa utando wa kijivu.

La pili, visima vya ukanda wa mashariki maji baridi yake (yasiyo ya chumvi) yanaelea juu ya maji ya bahari. Mwisho wa kaskazi, kabla ya masika, chumvi inaweza kupanda sana. Pima tena Februari. Kalamu ikivuka 1,500 na maji yana ladha ya chumvi, mashine hii siyo dawa yake, na hata kazi yake ya kulainisha itapungua, kwa sababu sodiamu iliyojaa kwenye maji inashindana na kalsiamu kwenye rezini. Hapo tiba ni kisimani: pampu ndogo inayovuta polepole kwa saa nyingi. Pampu kubwa inayojaza tangi kwa nusu saa inayavuta maji ya chini juu.

Kuhusu kunywa: kila miligramu 100 za ugumu zikibadilishwa zinaongeza miligramu 46 za sodiamu. Kwako ni kama 180 kwa lita, juu ya iliyomo tayari. Kwa mwenye maradhi ya presha, au anayemtengenezea mtoto mchanga maziwa ya kopo, ule mfereji wa jikoni usiolainishwa ni wa lazima. Bustani vilevile, sodiamu inaharibu udongo.

chumvi_wete

Ya Pemba inafaa, lakini si kila gunia. Chagua ya mawe makubwa, nyeupe, iliyokauka. Tia konzi moja kwenye gilasi ya maji, koroga, acha saa moja. Ukiona tope chini, au mchanga, tafuta gunia jengine. Chumvi yenye rangi ya udongo na unyevu unaonata huwa pia na magnesiamu nyingi, na hiyo ndiyo unayoikimbia.

Chafu kidogo inaoshwa, ila usiioshe kwa maji matupu, utaiyeyusha nusu. Ioshe kwa maji yaliyokwisha kushiba chumvi, kwenye kapu la plastiki, mara mbili.

Ndani ya pipa tandika kwanza sahani yenye matundu au kokoto safi za kimo cha sentimita 10, chumvi ikae juu, bomba la kunyonya liwe ndani ya mrija wake. Safisha pipa kila miezi 3 au 4. Chumvi laini ya mezani achana nayo. Madini joto hayaidhuru rezini, tatizo ni punje: inashikana kuwa uji chini, au inaganda juu na kuacha pango katikati, ukichungulia unaona pipa limejaa kumbe maji hayagusi chumvi. Gonga kwa fimbo ya ufagio. Na kifuniko kisiachwe wazi, hewa yetu hii inalowesha kila kitu.

mwenyeji_uwandani

Ahsanteni sana. Maji machafu ya kujisafishia niyapeleke wapi, kwenye karo? Na umeme ukikatika katikati ya kazi?

fundi_mfereji

Karo likiwa karibu na kisima, hapana. Kila mashine ikijisafisha zinatoka kama lita 150 hadi 200 zenye chumvi yote ile, na mawe ya uwanda hayachuji, yanapitisha. Peleka kwa bomba lake upande wa baharini wa kiwanja, mbali na kisima. Mwisho wa bomba usizame ndani ya maji, acha uwazi wa vidole viwili, la sivyo uchafu unaweza kuvutwa kurudi kwenye mashine.

Umeme ukikatika, kichwa kinasimama pale kilipofika na pampu nayo inasimama, ukirudi vinaendelea. Hatari ni pale pampu iko kwenye sola au jenereta na kichwa hakimo: kinabaki wazi upande wa kumwaga na simtank lote linakwenda nje. Viunge kwenye laini moja.

Wakati wa kufunga, mambo yanayoharibu mashine mpya ni haya. Bomba la kati likae sawasawa kwenye kitako cha tangi na ulikate usawa wa mdomo. Lizibe kwa tepu kabla ya kumimina rezini, punje zikiingia humo zitatokea kwenye shawa. Tia maji robo tangi kwanza, kisha rezini, isizidi theluthi mbili, ipate nafasi ya kuinuka. Weka njia ya pembeni yenye vali 3, ya kupitisha maji bila ya kuingia kwenye mashine, na vali ya kuzuia maji kurudi kati ya mashine na hita, kwa sababu maji ya moto yakirudi yanapinda plastiki za ndani. Ukishaweka hiyo hakikisha vali ya usalama ya hita inafanya kazi. Tangi likae kivulini.

Fungua maji polepole, robo ya mzunguko, mpaka hewa iishe. Kisha endesha hatua ya kuosha kinyumenyume mpaka maji ya kumwaga yawe safi, ndipo ufungue upande wa nyumba.

maji_na_vipimo

Jambo moja kwenye mpangilio wa kichwa: vingi vinakuja vimewekwa chumvi kilo 4 kwa rezini kama hiyo. Unatumia chumvi zaidi ya nusu tena, uwezo unaongezeka kama robo tu. Shusha hadi 2.5, ambayo ni lita 7 za maji ya kujaza pipa, kwani kila lita inayeyusha gramu 360. Baada ya wiki mbili pima kwa matone siku ya mwisho kabla haijajisafisha. Likitosha tone 1 au 2, acha hapo. Yakianza kufika 4, punguza lita za mita kwanza kabla ya kuongeza chumvi.

Na usisahau hita zenyewe: ukoko uliomo hautatoka wenyewe mara moja. Zima umeme, zimwage, toa elementi uziloweke kwenye siki, na badilisha fimbo ya magnesiamu (inayolinda tangi la hita lisile kutu) ukiwa humo humo.