Juisi imemwagika kwenye gia, mafundi mnatuuzia mtambo mzima wa liva na kutukatia loki. Imetosha!

Wakuu, heshima kwenu. Moderita, naomba uzi huu usiunganishwe na zile nyuzi za gia boksi zilizokufa. Hapa hakuna gia boksi iliyokufa, na hicho ndicho kilio changu.

Hapa Tanga magari mengi ya watu wa kawaida ni Toyota za otomatiki: IST, Vitz, Premio, Allion. Chupa inakaa jirani na liva ya gia. Mtu anatoka Muheza na juisi yake ya machungwa, anapiga tuta moja vibaya, juisi yote imeingia kwenye tundu la liva. Siku hiyo gari linakwenda vizuri tu. Kesho yake kitufe cha liva kinabonyea na kurudi kwa uvivu. Keshokutwa liva imegoma kutoka P (nafasi ya kuegesha), au ufunguo umegoma kutoka.

Anapeleka gereji, na majibu ni yaleyale kila kona. Kwanza liva inapuliziwa mafuta ya spreya. Inalegea siku tatu, inarudi palepale. Anarudi, anaambiwa "mtambo umekufa, tafuta mwingine wa mtumba". Akisema hana hela, fundi anafungua, anang'oa kipini cha loki, ile inayozuia liva kutoka P bila mguu kwenye breki, anamrudishia gari: "Tayari, bosi." Hii ya tatu ndiyo inayonichemsha damu, nitaifikia.

Mafundi, hebu tuongee kifundi. Soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia gramu 35. Maji yakishakauka, sukari yote inabaki kwenye plastiki, kwenye springi ya kitufe na kwenye kipini cha solenoidi, yaani sumaku ya umeme inayosogeza loki. Sukari haiyeyuki kwenye mafuta. Haiyeyuki kwenye petroli. Hata spiriti ya mafundi simu inaiyeyusha kwa shida. Inayeyuka kwenye maji, na inayeyuka sana: lita moja ya maji ya kawaida inameza karibu kilo mbili. Kila mama anayepika kashata analijua hili. Sasa wewe unayepuliza mafuta umefanya nini? Umeloanisha gundi kwa juu, gundi iko palepale, na sasa inakusanya vumbi. Baada ya mwezi ukifungua unakuta uji mweusi, ambao kuusafisha ni kazi mara mbili ya juisi yenyewe.

Na wanaosafisha kwa petroli waache leo. Petroli inafanya plastiki nyingi zipasuke, inaharibu raba, na mvuke wake unakaa ndani ya kibanda cha gari chenye nyaya. Cheche moja tu.

Kabla ya kufungua chochote, pima. Dakika mbili zinatosha. Vuta handbreki, washa ufunguo hadi ON bila kuwasha injini, kanyaga breki, sikiliza pembeni ya liva. Ukisikia "tak", solenoidi inafanya kazi na tatizo ni ulimbo wa sukari. Usiposikia kitu, usikimbilie kulaumu juisi: mtu akaangalie taa za breki nyuma. Haziwaki? Basi shida ni fyuzi au swichi ya pedali ya breki, kwa sababu loki ya gia inasubiri ishara ileile. Kuna watu wameuziwa mtambo wa gia wakati kilichokufa ni fyuzi ndogo. Taa zikiwaka na "tak" hakuna, hapo ndipo unaifikiria solenoidi au waya wake. Ufunguo usipotoka, au gari la kuwashwa kwa kitufe lisipokubali kuzimika kabisa, mshuku wa kwanza ni ile swichi ndogo inayolijulisha gari kwamba liva iko P. Imelowa juisi, haigusi.

Kama umekwama njiani, usivunje liva kwa nguvu. Pembeni yake kuna kifuniko kidogo, mara nyingi kimeandikwa SHIFT LOCK. Handbreki juu, kanyaga breki, kibandue kifuniko taratibu, ingiza ncha ya ufunguo, bonyeza huku unavuta liva kwenda N (gia huru). Imetengenezwa kwa kazi hiyo. Inasikitisha kuona liva zimevunjwa shingo wakati tundu liko pale linatazama.

Sasa kazi yenyewe. Mwenye subira anaifanya nyumbani, akianza asubuhi na kumaliza kesho yake.

Egesha sehemu tambarare, weka mawe kwenye magurudumu mbele na nyuma, kwa sababu liva utaitoa P. Zima gari, fungua waya hasi wa betri kwa spana namba 10, kisha subiri angalau sekunde 90. Usiruke hapa. Kwenye Toyota nyingi kompyuta ya mifuko ya hewa (airbag) imefungwa sakafuni, chini ya lile boksi la katikati, karibu kabisa na mtambo wa liva. Soketi zake ni za njano. Usizichomoe, usizimwagie maji, usizigongegonge. Hii ndiyo sababu nasema maji hayamwagwi ndani ya gari hata siku moja. Mtambo ndio unaofuata maji nje.

Kichwa cha liva: vingine vina skrubu ndogo za nyota kwa chini, vingine vinazungushwa kama kifuniko cha chupa. Angalia kwanza, usivute, maana kikitoka kwa kishindo springi ya kitufe inaruka na hutaiona tena. Paneli inayozunguka liva imeshikwa na klipu. Ibandue kwa kipande cha plastiki ngumu, kadi ya zamani inafaa, maana bisibisi inakata klipu na paneli itapiga kelele mpaka gari liuzwe. Kisha skrubu za boksi la katikati. Nyingine zimejificha chini ya mkeka wa kishikio cha chupa. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa njia za nyaya.

Mtambo ukionekana, chunguza kabla ya kuufungua. Juisi inaacha njia yake: mstari wa kahawia unaong'aa kama varnishi, umeshuka kutoka kwenye tundu, umepita kwenye ngazi za P, R, N, D, umeishia kama tone lililoganda kwenye kipini cha solenoidi. Gusa kwa kucha. Ukinata, mgonjwa umempata. Kama uchafu ni wa juu tu, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kilichokamuliwa vizuri na mswaki laini vinatosha. Pita mara nne, kila mara kwa maji mapya, na unamaliza bila kung'oa mtambo.

Uchafu ukiwa umeshuka chini, utoe mtambo. Kwa kawaida ni bolti nne sakafuni, na kebo inayokwenda kwenye gia boksi. Narudia kwa herufi kubwa: USILEGEZE REKEBISHO LA KEBO. Toa klipu ya mwisho wa kebo tu, na kama kuna nati ya kurekebishia, weka alama ya rangi ya kucha kabla hata ya kuigusa. Kebo ikihama kidogo tu, liva inasema P na gia boksi haijafika P. Gari hilo litashuka mlimani lenyewe.

Chomoa solenoidi, ile swichi ndogo na taa. Hivi haviingii kwenye beseni. Mwili wa plastiki na vyuma loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo, dakika 20, huku unachezesha liva na kubonyeza kitufe ili maji yafike ndani. Maji ya moto yanayochemka hapana, plastiki inapinda. Suuza mara tatu. Suuza ya mwisho tumia maji ya betri, yale yaliyochujwa madini, kwa sababu visima vingi vya pwani vina chumvi na chumvi inakula vyuma. Sema dukani wazi "maji", maana asidi ya betri inakaa rafu hiyohiyo.

Kipini cha solenoidi kifute kwa kitambaa chenye maji mpaka kiteleze kwa uzito wake, halafu kikaushe. Swichi isafishe kwa spreya ya kusafishia viunganishi vya umeme, ibonyeze mara ishirini, pima kwa mita: inagusa, inaachia. Solenoidi pia pima. Mita ikionyesha njia imekatika kabisa, basi hiyo imeungua. Nunua solenoidi peke yake, usikubali kuuziwa mtambo mzima.

Kausha kivulini mbele ya feni, angalau saa 24. Hewa ya Tanga ina unyevu, masaa mawili hayatoshi, na ukifunga kikiwa na maji unabadilisha ulimbo kwa kutu. Kisha grisi: ya silikoni au ile nyeupe ya lithiamu, punje ya mchele kila sehemu inayosuguana. Grisi ya beringi hapana, kwenye swichi grisi yoyote hapana.

Ukishafunga, jaribu kabla ya kwenda barabarani. Injini iwake kwenye P na N tu. Taa ya nyuma nyeupe iwake kwenye R. Taa ya dashibodi ifuatane na liva. Na P ishike gari kwenye mteremko mdogo, na mguu wako uwe tayari juu ya breki.

Majibu kwa waliouliza hapo chini:

Aliyesema yeye ni chai ya maziwa: anza na maji ya baridi, maana maziwa yakikutana na maji ya moto yanaganda. Usipoyatoa yote harufu itakufukuza garini.

Aliyemwaga madafu: haraka zaidi. Madafu yana chumvichumvi nyingi pamoja na sukari, na chumvi yenye unyevu inapitisha umeme. Ukwaju na soda vina asidi, vinakula shaba ya swichi. Hivi vitatu usisubiri wikiendi.

Mwenye manyuo (gia za mkono): kwako ni rahisi, vua ile ngozi, safisha bakuli linaloshika kitako cha mviringo cha liva, weka grisi, basi.

Mwenye Prius yenye kile kiliva kidogo kinachorudi chenyewe: hayo yaliyo juu si yako. Ndani kuna sensa, hakuna kuloweka. Futa juu, zima, peleka kwa fundi umeme anayejua haibridi (magari ya petroli na umeme).

Inapomwagika tu, wote: simama, P, handbreki, zima, kausha kwa kitambaa. Usibonyezebonyeze kitufe "kuona kama kipo sawa", unapampu juisi chini. Na inua zulia, sponji ya chini inahifadhi maji wiki nzima.

Sasa nirudi kwa fundi aliyesema kwenye uzi huu kwamba "loki ni urembo tu, gari linatembea bila loki". Mkuu, umenikera sana. Loki ile inazuia liva kutoka P bila mguu kwenye breki. Fikiria baba amesimama dukani Makorora, ameacha gari linanguruma kwa sababu ya kiyoyozi, mtoto yuko siti ya mbele. Mtoto anavuta liva kwenda D. Mbele kuna watu wamesimama. Wewe uliyeng'oa kipini ili kuokoa kazi ya nusu siku, umemwambia mwenye gari? Hukumwambia. Anaendesha akijua loki ipo.

Wenye magari mliopitia gereji kwa tatizo hili, jipimeni leo. Handbreki juu, mawe kwenye magurudumu, ufunguo ON bila injini, mguu mbali na breki. Bonyeza kitufe, vuta liva. Ikitoka P, mmekatiwa loki. Rudini kwa fundi huyohuyo, atake asitake, airudishe kwa gharama yake.